Ukoo wa Bibi Mwajuma: safari ya Tamasha la Bagamoyo

*Jumatano, saa moja jioni*

Shaabani: Asalaam alaykum wana ukoo. Tamasha limekaribia. Wanafunzi wa TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa Bagamoyo, wanafanya mazoezi hadi usiku, ngoma nazisikia nikiwa hapa barazani. Safari hii nawaomba mje wote, na mje mchana. Mmezoea kuingia saa mbili usiku, mnamwona msanii mmoja mkubwa, mnageuza gari kurudi Dar. Mkifanya hivyo tamasha lenyewe linawapita.

Mama Zuhura: Waalaykum salaam kaka. Mchana kuna nini hasa? Maana watoto hapa wanamtaka wa bongo fleva tu.

Shaabani: Mchana kuna wenye ngoma zao, dada. Wamakonde na sindimba, Wangoni na lizombe, Wasukuma na bugobogobo, majembe yanarushwa juu na kudakwa huku mapigo hayasimami. Usiku pale jukwaani kikundi kinapewa dakika zake, kikikolea tu mshereheshaji anaita kingine. Mchana mtu unasogea, unaona miguu inavyokwenda. Na watoto wanapata nafasi ya kushika ngoma wenyewe, kuna warsha.

Kassim: Shikamoo mjomba. Shikamooni wote. Ratiba tunaipataje?

Shaabani: Marahaba Kassim. Ikibandikwa tu naipiga picha naiweka hapa. Sarakasi, maigizo, ngoma, muziki wa bendi, na maonyesho ya uchoraji na uchongaji. Nitawawekea alama kwenye vile ambavyo msikose.

Kassim: Sarakasi nipo! Hivi wale wamejifunzia wapi? Nilidhani ni mambo ya kutoka nje.

Shaabani: Swali zuri sana hilo. Baada ya uhuru serikali iliunda kikundi cha taifa cha ngoma, na miaka ya 1960 vijana wa Kitanzania wakapelekwa China kujifunza sarakasi. Wakarudi, wakafundisha wengine. Vikundi hivyo vya taifa ndivyo vilivyozaa Chuo cha Sanaa Bagamoyo mwaka 1981. Mwaka uliofuata, 1982, tamasha likaanza, na ndilo hili tunalolisema. Jina la TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, limekuja 2007. Kwa hiyo kijana unayemwona leo anapanda juu ya mabega ya wenzake amefundishwa na mtu aliyefundishwa na wale waliokwenda China.

Kassim: Kumbe! Ahsante mjomba.

Mazengo: Habari za jioni jamani. Shemeji Shaabani umewataja wote hao, sisi Wagogo umetuacha wapi?

Shaabani: Shemeji nakuachaje wewe! Nilikuwa nakuja huko.

Mazengo: Basi ngoja niseme mimi. Wanangu, siku hiyo mkisikia muheme unaanza, acheni chips na soda, sogeeni mbele. Kwetu ngoma hiyo wanapiga wanawake. Mwanamke anaibana ngoma mapajani, anapiga huku anaimba na kutembea nayo. Mara nyingi sehemu nyingine mtaona mwanamume ndiye kashika ngoma, mwanamke anacheza. Kwa Wagogo ukitaka kusikia ngoma inavyolia, mpe mama.

Khadija: Nathibitisha. Mama mkwe wangu ana mkono mzito pale mpaka ardhi inaitikia.

Mazengo: Na mzee wetu Hukwe Zawose kaifanya Bagamoyo kuwa kwao. Alitoka Dodoma na ilimba yake, ile ala ya vibao vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, na zeze, akafundisha hapo chuoni, akapiga muziki dunia nzima, na alifariki 2003 akiwa mtu wa Bagamoyo. Hakwenda shule ya muziki. Alilelewa ndani ya nyimbo.

Shaabani: Na hapo ndipo nawaambia watu kila siku. Chuo kile hakikuanza na vitabu. Kilianza kwa kuwaita mafundi waliokuwa wanajua ngoma za kwao, wakae na vijana. Nikiwa mwanafunzi mwalimu alikuwa anatushika kiwiko, anakipeleka. Hakuna maandishi yatakayokupa kitu kile.

*Saa mbili na nusu usiku*

Zuhura: Naandika kwa niaba ya Bibi, amekaa hapa pembeni. Anasema: "Wasalimieni. Na huo mdundiko utakuwepo?"

Shaabani: Shikamoo mama. Kwa Wazaramo hukosi mdundiko.

Zuhura: Bibi anasema marahaba. Anasema mdundiko anaoujua yeye hauchezwi mahali pamoja. Unatoka nyumbani siku ya kumtoa mwali, unaingia barabarani, kila nyumba mnayopita watu wanaungana. Mama anaacha sufuria jikoni. Mtoto anafuata mpaka anapotea, jioni anatafutwa mtaa wa tatu. Anauliza, sasa mtu akikaa kwenye kiti anapiga picha na simu, huo ni mdundiko gani?

Khadija: Mama kasema kweli.

Shaabani: Mama, ni kweli kabisa, na sitakudanganya kwamba ni kitu kilekile. Jukwaani kuna mwanzo na mwisho, na anayetazama ametenganishwa na anayecheza. Lakini angalia mitaa yetu sasa. Mara ya mwisho mdundiko kupita hapo kwenu Tabata ilikuwa lini? Vijana hawa wakiufundishwa chuoni, angalau mapigo hayapotei. Ndiyo maana nataka uje wewe. Wakikosea utawaambia, na najua hutanyamaza.

Zuhura: Bibi anacheka. Anasema atakuja, ila hakai mpaka usiku, magoti.

Shaabani: Mchana, mama. Kwani nimeanza na nini?

Baba Zuhura: Jamani poleni na kazi, ndiyo natoka kwenye foleni. Nimesoma yote. Kwenda kutazama sina neno. Ila shemeji, kuna jambo nilikuwa nataka tulizungumze na naona bora lisemwe hapa mbele ya wote. Zuhura ananiambia anataka kusoma hapo hapo TaSUBa. Mtoto amemaliza kidato cha nne na ufaulu mzuri. Mimi sielewi. Nimsomeshe ngoma?

Mama Zuhura: Baba Zuhura, si tulisema tutaongea nyumbani?

Baba Zuhura: Nyumbani mko wawili, mimi mmoja.

Shaabani: Umefanya vizuri kulisema, shemeji. Wanasoma ngazi za cheti na stashahada kama vyuo vingine. Ngoma ipo, na muziki, maigizo, sanaa za ufundi. Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe imekitambua kuwa kituo cha ubora wa sanaa na utamaduni kwa nchi zote wanachama, wanakuja vijana kutoka nje kusoma pale. Usiku ule unaokaa unamwangalia msanii wako, nani kawasha zile taa? Nani kapima sauti? Nani kajenga ile mandhari nyuma? Hao wote wamesomea.

Zuhura: Baba, samahani naingilia wakubwa. Mimi sijasema nataka kucheza. Nataka kusomea sauti, kurekodi. Nikae na mashine nirekodi ngoma vizuri, maana zinazowekwa mtandaoni nyingi zimerekodiwa na simu, ngoma kubwa haisikiki kabisa, unasikia makofi tu. Nilikuwa nataka nianze na nyimbo za Bibi.

Zuhura: Bibi ananiambia niandike hili sasa hivi: "Za unyago hapana. Hizo zina mahali pake na wakati wake, hazisikilizwi na kila anayepita. Za mdundiko wa barabarani nitakuimbia zote."

Khadija: Mama hapo umemaliza.

Shaabani: Na hilo Zuhura ulishike. Fundi mzuri wa kurekodi ni yule anayejua pia wakati wa kuzima mashine. Huyu Bibi yako amekupa somo la kwanza kabla hujalipa ada.

Baba Zuhura: Kusomea sauti sikuwahi kuambiwa. Niliambiwa "sanaa" nikaishia hapo.

Mama Zuhura: Ulikataa kabla sentensi haijaisha, mume wangu.

Baba Zuhura: Haya. Lakini bado kazi za sanaa naziona za msimu. Leo zipo, kesho hazipo.

Shaabani: Shemeji, ukumbi wa chuo uliungua 2002. Nilifika pale asubuhi, makuti yote majivu. Nililia kama mtu aliyefiwa. Watu wengi tulidhani ndiyo basi. Ukajengwa mwingine, mkubwa kuliko ule, na tamasha halikufa. Mimi kazi hii imenisomeshea watoto, unajua mwenyewe. Siwezi kukuahidi utajiri. Naweza kukuahidi kwamba atajifunza kazi yenye wenyewe.

Baba Zuhura: Nimekusikia. Basi tufanye hivi. Siku hiyo tufike mapema, mimi na Zuhura tupite ofisini kwanza. Nataka kuuliza mwenyewe: ada, malazi ya wasichana, na waliomaliza wako wapi leo. Abebe matokeo yake. Wakinijibu vizuri, tutaendelea.

Zuhura: Ahsante sana baba 🙏🏾

Mama Zuhura: Alhamdulillah.

Shaabani: Njooni siku ya kazi basi, msije wikiendi mkakuta ofisi imefungwa. Tamasha linakwenda siku kadhaa, Ijumaa inatufaa. Swala tutasali hapa, tunaendelea alasiri.

*Alhamisi, saa tatu asubuhi*

Kassim: Shikamooni. Nimeongea na mwenye Coaster. Kupanda magari ya Makumbusho na Bibi na watoto ni shida, tuchange tukodi. Tunaondoka Tabata saa kumi na mbili asubuhi kamili, tuiwahi foleni ya Tegeta na Bunju. Tukishavuka Mapinga tumefika.

Khadija: Sisi tunatokea Dodoma, tutakatia Chalinze tupite barabara ya Msata. Tutawakuta hukohuko.

Mama Zuhura: Watoto wanauliza Ngome Kongwe na magofu ya Kaole.

Shaabani: Ngome ipo mjini, wataiona kwa miguu. Kaole ni nje kidogo, tukiweka siku ileile tutawachosha na ngoma hawataziona. Wakilala kwangu nitawapeleka Jumamosi asubuhi. Mikeka ipo, neti zipo.

Mama Zuhura: Basi watalala. Mimi nabeba chapati na chai. Mchana tutakula samaki wa kwenye soko la ufukweni.

Mazengo: Mimi naja na zeze la baba. Uzi mmoja umelegea, shemeji nitafutie fundi hapo chuoni.

Shaabani: Lete. Fundi yupo.

Kassim: Michango iwe imefika kwangu kabla ya Jumatatu. Kiti cha mbele ni cha Bibi, wengine wahini.