Mzazi asifu mtoto anayekimbia kilomita 90, ao amkataze?

Papa wa Katindo
Kwenye kundi letu mama mmoja kaweka picha ya watoto wake wawili, watu wazima na kazi zao. Wamemaliza Comrades kule Afrika Kusini, mbio za kati ya Durban na Pietermaritzburg, karibu kilomita 90. Kaandika chini: "Simba zangu." Wengine wakamrukia kwamba anashangilia watoto wanaojiua. Nauliza: asifu ao akemee?

Nesi wa Ndosho
Asifu, lakini ajue anachosifu. Comrades wanakupa saa 12. Zikitimia, mtu anaupa mstari wa mwisho mgongo na kupiga risasi hewani. Uliyebaki nyuma hatua moja huhesabiwi. Ndiyo maana watu wanaukokota mwili uliokwisha kataa. Misuli inavunjikavunjika, uchafu wake unaingia kwenye damu, figo zinalemewa, mkojo unatoka rangi ya Coca. Hapo ukimeza ibuprofeni ili goti linyamaze, umeziumiza figo mara ya pili. Na kuna wanaouawa na maji.

Birere Moja
Maji njo inaua watu sasa? Maji! Mutu anatoka jasho saa 10, nesi anamukataza kunywa. Aksanti sana.

Nesi wa Ndosho
Wapi nimekataza? Soma vizuri, papa. Ukijaza maji kila kituo hata bila kiu, chumvi ya damu inazimuliwa na ubongo unavimba. Kichwa kinauma, anatapika, maneno yanapotea, pete inabana kidole. Wenzake wanasema "amekaukiwa", wanamwongeza chupa nyingine. Mpime: aliyepungua kilo moja ao mbili hana neno, aliyeongezeka kilo njiani, mnyang'anye chupa.

Mama Lituma
Si ameze tu vidonge vya chumvi?

Nesi wa Ndosho
Ukinywa kupita kiasi, vidonge havikuokoi. Anywe akisikia kiu. Na ale: gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa, kama ndizi mbivu moja ao mbili, azoeshe tumbo kabla ya siku yenyewe.

Birere Moja
Vijana wa chukudu, ile kigari ya mbao ya magurudumu mbili, wanashuka toka Kibumba na magunia, nani aliwapima kilo? Nani aliwapa ndizi? Wale njo simba.

Mama Lituma
Wana sanamu ya rangi ya dhahabu pale rond-point ya Goma, unawatafutia na medali?

Birere Moja
Sanamu inakula?

Fundi Mbao Majengo
Msilinganishe. Chukudu ikishuka, mtu amepanda. Breki ni kipande cha tairi kuukuu anachokikanyaga juu ya gurudumu la nyuma, mvua ikikilowesha kinateleza. Mkimbiaji breki yake ni paja. UTMB, mbio za milimani za Chamonix, Ufaransa, ina kilomita zaidi ya 170 na mapando ya karibu mita 10,000, na yote hayo lazima uyashuke. Misuli ya mbele ya paja inachanika kwenye kushuka, si kwenye kupanda. Anayejizoeza kupanda peke yake atatembea kinyumenyume ngazini wiki nzima.

Papa wa Katindo
Swali langu lilikuwa la mzazi, jamani.

Docta Himbi
Mzazi achungulie mfuko anaobeba mkimbiaji. Mbio za mlimani za Gansu, China, mwezi wa tano 2021, walianza watu 172, wakafa 21. Si figo wala maji: mvua, upepo na baridi mlimani, nao wamevaa kaptula. Koti lisilopitisha maji, blanketi la karatasi ya fedha, taa mbili, filimbi. Hivyo vikikosekana, hapo akemee.

Birere Moja
Koti nakubali. Lakini ile ya pete, nesi: mutu hajaoa, utajua namna gani amevimba?

Nesi wa Ndosho
Mkanda wa saa, papa. Angalia mkanda wa saa.