Mbeya: mnachomelea rimu zilizopasuka, mnapaka silva, halafu mnatuuzia kama nzima kutoka Japani

Wakuu, salamu. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Kuna duka la spea za mtumba pale Mwanjelwa, jina silitaji, liliniuzia seti ya spoti rimu (rimu za aloi ya alumini) inchi 15 za Toyota Noah yangu kwa laki nne. Muuzaji aliniapia kabisa: "Dada, hizi zimevuliwa kwenye gari la Japani, fundi wa hapa hajazigusa." Zinang'aa, utadhani jana zimetoka kiwandani. Zikavalishwa tairi, balansi ikafanyika, nikalipa, nikapewa risiti ya mkono.

Haukupita muda, tairi la mbele kushoto likaanza kupoteza upepo. Unajaza jioni, asubuhi limelegea. Napita kwa mafundi pancha, kila mmoja anamwagia maji ya sabuni kwenye kashata (meno ya tairi) na kwenye valvu, haoni povu, anabadilisha valvu, anachukua hela. Mmoja akaniambia ni baridi ya Mbeya. Baridi inashusha upepo, sawa, ila ni kama PSI 1 kwa kila nyuzi 5 au 6 za joto zinazopungua. Haiwezi kula nusu ya upepo usiku mmoja! Hakuna hata mmoja aliyelaza tairi akamwagia maji upande wa ndani wa rimu, na huko ndiko aloi inakopasukia mara nyingi, kwa sababu mdomo wa ndani ndio unaopokea kishindo cha shimo na hauna mikono (zile nguzo zinazotoka katikati ya rimu) ya kuushikilia.

Aliyegundua ni fundi mmoja pale Kiwira, barabarani kabisa, kwenye kibanda cha mabati. Nilikuwa naelekea Tukuyu na mama yangu na watoto. Alivua tairi, akafuta ndani kwa kitambaa, akanyamaza kidogo, kisha akaniita: "Mama, njoo uone mwenyewe." Kulikuwa na mshono wa kuchomelea, mnene kama kidole, umesagwa na grenda, ukapigwa puti (ile lipu ya kuzibia bodi za magari), ukapakwa rangi ya silva. Pembeni ya mshono kuna ufa mpya, umetoka kwenye mdomo wa ndani na unapanda kuelekea kwenye mkono wa rimu. Mnaoijua barabara ile kutoka Isongole kushuka Kiwira, kona na kona, malori ya Malawi yanakuja usoni, hamhitaji kuelezwa kingetokea nini.

Nimerudi dukani. Nikatarajia angalau pole. Jibu nililopewa: "Dada, Mbeya nzima wanachomelea, na risiti imeandikwa mali ikishauzwa hairudishwi."

Sasa nawajibu hapa, na mafundi wenye ujuzi wanisahihishe nikipotosha.

Kuchomelea rimu ya aloi si sawa na kuchomelea geti. Rimu ya chuma ikiingia shimoni kwa kawaida inajikunja, na fundi mzuri anainyoosha. Ya aloi inaweza kujikunja pia, ila ikipigwa sana inapasuka. Nyingi zimetengenezwa kwa alumini yenye silikoni kama asilimia 7 na magnesiamu kidogo. Uimara wake hautokani na mchanganyiko huo peke yake. Kiwandani huwa wanaipasha moto hadi kama nyuzi 540, wanaizamisha ghafla kwenye maji, halafu wanaipasha tena kwa moto mdogo kwa saa kadhaa. Ukija wewe na moto wa kuchomelea, unaoyeyusha alumini, sehemu iliyo jirani na mshono inapoteza ule uimara wa kiwandani na inabaki laini. Ndiyo maana ufa wangu haukurudi palepale kwenye mshono. Umetokea pembeni yake, na fundi wa Kiwira ambaye hajawahi kukaa darasani alilijua hilo kwa macho tu.

Na ufa wa alumini haupumziki. Tairi la saizi ya 195/65R15 linazunguka kama mara 500 kila kilomita. Mbeya hadi Tukuyu ni kama kilomita 70, kwa hiyo ni mizunguko kama 35,000, na kila mzunguko unaufungua na kuufunga ule ufa chini ya uzito wa gari na watu. Ujerumani kuchomelea rimu za aloi hakuruhusiwi kabisa, na barabara zao si hizi zetu zenye mabonde ya malori ya Tunduma na michepuko ya ujenzi wa njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi.

Sisemi kila rimu yenye ufa itupwe. Kama ufa ni mfupi, upo kwenye mdomo wa ndani tu, haujagusa mkono, na umepata fundi mwenye mashine ya kuchomelea kwa gesi ya agoni anayefungua ufa wote hadi mwisho wake, anasafisha, anachomelea pande zote mbili na kupima kama inavuja, basi itengeneze uiweke spea ikufikishe nyumbani. Huo ni uamuzi wa mwenye gari, anajua anachokibeba. Lakini ufa ukiwa kwenye mkono, kwenye matundu ya nati au katikati inapokaa habu, hakuna mjadala: nunua nyingine. Iliyowahi kuchomelewa ikapasuka tena, nunua nyingine. Na kama huna hela ya aloi, funga rimu za chuma za mtumba. Hazipendezi, najua, ila zinavumilia mashimo na bei yake ni ndogo.

Ninachokataa ni kuamuliwa na muuzaji bila kuambiwa. Angesema "hii imechomelewa, nakupa kwa elfu thelathini, weka spea," ningeamua mwenyewe. Amepiga puti! Puti haiongezi nguvu hata chembe, kazi yake ni kuficha. Huko ni kuniuzia mbuzi kwenye gunia, na waliokaa kwenye hilo gari ni mama yangu na wanangu.

Baada ya hapo nilizivua zote nne. Fundi wa Kiwira alinionyesha njia nikaitumia: unasafisha rimu vizuri, unapaka mafuta ya taa upande wa ndani, unasubiri kidogo, unafuta hadi ikauke, kisha unapaka unga wa chaki. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yake yanatoka na kuchora mstari kwenye chaki. Rimu ya pili ikachora mstari karibu na tundu la nati. Mbili zimetoka safi. Yaani nusu ya seti ni mbovu, na duka limejaa nyingine za aina hiyohiyo zinang'aa hadi dirishani.

Hilo la tundu la nati linaniuma kivyake, maana huenda wala si shimo la barabarani lililolisababisha. Rimu nyingi za aloi za Toyota wenyewe zinakaa kwa nati zenye washa bapa, za chuma zinakaa kwa nati zenye koni. Mafundi wetu wanafunga nati yoyote inayoingia, halafu wanachomeka bomba kwenye spana na kuruka juu yake. Toyota ndogo nyingi zinataka kukazwa kwa kama Nm 103 (nyutoni-mita) tu, nguvu ya mkono wa mtu mmoja na spana ya kawaida. Ukiisukumiza koni kwenye shimo bapa kwa nguvu za bomba, unatarajia alumini ifanye nini?

Mnaokwenda kununua, dai rimu ivuliwe tairi na uigeuze uone ndani kabla hujatoa hata shilingi. Pitisha kidole, mshono uliosagwa unasikika hata chini ya rangi. Rimu kuukuu yenye rangi mpya upande wa ndani, ambao hakuna anayeuona, iulize kwa nini imepakwa. Tafuta alama ya JWL, ya kiwango cha Kijapani cha rimu za aloi, iliyochapwa kwenye aloi za Kijapani, na kwa Noah hakikisha ni 5x114.3, yaani matundu matano ya nati kwenye duara la milimita 114.3. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, si karatasi ya mkono.

Na wewe muuzaji, najua utausoma uzi huu kwa sababu kijana wako anashinda na simu. Maandishi ya "mali ikishauzwa hairudishwi" hayafuti Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214. Bidhaa inayouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo, na wewe ulisema haijaguswa. Ipo pia Sheria ya Ushindani ya 2003 inayokataza kumdanganya mlaji, na Tume ya Ushindani inapokea malalamiko. Barua yangu iko tayari na picha zote.

Jana ulinipigia ukasema nilete zile mbili mbovu unibadilishie, halafu zenyewe zibaki kwako. Zibaki kwako uzifanyie nini? Uzisage, uzipake tena, umuuzie mwalimu wa Rungwe au dereva wa Noah za Kyela? Siziachi. Nataka hela yangu ya rimu mbili, na kabla sijaondoka dukani kwako kijana wako achukue grenda azikate vipande mbele yangu, ziende kwenye kilo za vyuma chakavu.