Mchezo wa kutisha unageuka vichekesho na wachezaji hawathubutu: tuanzie wapi?

Mlinzi_wa_Mlango aliuliza:

Wanajukwaa, salaam. Ninasimamia kikundi cha wachezaji wanne hapa Nairobi, na kwa muda sasa tumekuwa tukicheza Call of Cthulhu, toleo la saba, mchezo wa mezani wa kutisha ambao msimamizi husimulia, kila mchezaji huigiza mhusika wake na dadu huamua kama amefaulu, katika hadithi inayotokea kwenye mji wa wavuvi wa Massachusetts, Marekani, mwaka 1926. Wahusika ni watu wa kawaida: mwandishi wa gazeti, daktari, mkutubi wa chuo na mchungaji aliyeachishwa huduma. Wachezaji wanahudhuria bila kukosa na wanaipenda hadithi, kwa hiyo tatizo letu si uvivu.

Tatizo la kwanza ni kwamba hofu haikai mezani. Nikianza kueleza jambo la kutisha, mmoja hutupa mzaha, wengine hudakia, na kabla sijamaliza sentensi tumeshafika kwenye mechi ya Jumamosi. Nilizima taa na kuwasha mishumaa, nikaulizwa kama tokeni za umeme zimeisha. Nilijaribu pia muziki wa taratibu, lakini sikuona tofauti yoyote.

Tatizo la pili, ambalo kwangu ni kubwa zaidi, ni kwamba hakuna anayethubutu. Mlango wa ghala ukikutwa wazi usiku, wanarusha jiwe ndani, wanasikiliza, wanajadiliana nani atangulie, kisha wanaamua kurudi hotelini wangoje kupambazuke. Mchezaji mwenye mchungaji aliandika kwenye karatasi ya mhusika wake kwamba imani yake imekufa ila hajamwambia mtu. Jambo hilo lilinifurahisha sana, lakini hadi leo halijaguswa hata kwa sentensi moja. Wote wanne walianza na Dungeons & Dragons, mchezo wa aina hiihii lakini wa mashujaa wa kubuni, na huenda mazoea ya huko yamechangia.

Ningependa kujua kutoka kwa waliosimamia michezo ya namna hii: je, hali ya hofu hutangulia ndipo watu wakathubutu, au watu huanza kuthubutu ndipo hofu ikaja?

Bi_Kete alijibu:

Ndugu Mlinzi, mishumaa iache. Sisi tuliokulia kwenye umeme wa kukatika tumesomea mitihani kwa mshumaa na tumekula chakula cha jioni kwa mshumaa, kwa hiyo hautatutisha kwa kuwashwa tu. Kinachojenga hali mezani ni maneno ya msimamizi, na hasa uchache wa maneno hayo.

Wasimamizi wengi, mimi nikiwemo katika siku ambazo sijajiandaa, huwaambia wachezaji wanachopaswa kuhisi: "Mnaingia kwenye nyumba ya kutisha mno, yenye giza nene na harufu mbaya ya kifo." Sentensi kama hiyo inaomba mzaha, kwa sababu mchezaji ameamriwa aogope na bado hajaona chochote. Jaribu kumpa kitu kimoja anachoweza kukishika: "Meza imeandaliwa kwa watu wanne. Chai kwenye vikombe bado ina mvuke. Kiti kimoja kimevutwa nyuma, na kwenye mto wake kuna maji ya chumvi." Halafu nyamaza, usifafanue wala usiongeze kivumishi. Wapelelezi wako, yaani wahusika wa wachezaji, ni wanne na vikombe ni vinne, na yupo atakayeligundua hilo mwenyewe. Akilisema kwa sauti yake, hofu itakuwa imetoka kwa mchezaji, na kwa kawaida wenzake hawaifanyii mzaha hofu iliyotoka kwa mmoja wao.

Jambo jingine ni mlango wa kuingilia mchezoni. Watu wanafika wakiwa na foleni ya barabarani vichwani, wanakunywa chai, wanapiga soga, na wewe unataka wahamie Massachusetts kwa sentensi moja. Bibi zetu hawakufanya hivyo. Walisema "Paukwa!", wakasubiri "Pakawa!", na kila aliyeitikia alikuwa ameshakubali kwamba mambo ya kawaida yamesimama kwa muda. Sisemi mtumie maneno hayohayo, kwa sababu katika mchezo wa mwaka 1926 yatachekesha. Mezani kwangu kila mchezaji huanza kikao kwa kusema sentensi moja kuhusu alichoota mhusika wake usiku uliopita. Simu zinakuwa zimeshawekwa kando, na soga zote zinamalizwa kabla ya sentensi ya kwanza. Vichekesho navyo viwekeeni nafasi yake: katikati ya kikao pumzikeni, cheka nao, kisha rudini kwa sentensi nyingine za ndoto.

Mzee_wa_Dadu alijibu:

Ninakubaliana na Bi Kete kuhusu vikombe vinne, lakini swali la kuthubutu halitibiwi kwa masimulizi. Linatibiwa kwa kanuni.

Tuanze na mazoea uliyoyataja. Dungeons & Dragons, tangu Gary Gygax na Dave Arneson walipoitoa mwaka 1974, imemfundisha mchezaji kwamba mhusika hukua. Katika toleo la tano anaanza ngazi ya 1 na anaweza kufika ya 20, akiongezeka nguvu za mwili kila hatua. Baada ya miezi kadhaa mhusika huyo amekuwa akiba ya kwenye chama: huihatarishi, huichezei, unailinda mpaka siku ya mgao. Sasa watu waliolelewa hivyo umewapa mchezo ambao mpelelezi ana pointi za uhai zinazozunguka 10 hivi, ambazo haziongezeki kwa uzoefu, na unashangaa kwa nini wanarusha mawe kwenye ghala. Kwa hesabu za walikotoka, wanachofanya ni busara.

Kwa hiyo waambie waziwazi kwamba hesabu zimebadilika. Kila mmoja aandike mtu wa pili ambaye ana sababu ya kuja katika mji huo iwapo wa kwanza atapotea: dada wa daktari aliyepokea barua isiyokamilika, au mhariri anayemtafuta mwandishi wake. Mchezaji akijua kwamba hatakaa bure kikao kizima akitazama wenzake wakicheza, nusu ya woga huondoka. Mara nyingi wachezaji hawaogopi kifo cha mhusika kwa chenyewe. Wanaogopa kuachwa nje ya meza.

Kisha tumia kanuni ambayo tayari unayo. Toleo la saba linamruhusu mchezaji aliyeshindwa jaribio la stadi, yaani aliyerusha dadu kupima ujuzi wa mhusika wake, kuomba kulirudia, mradi aeleze ni juhudi gani ya ziada anayoifanya, na akishindwa mara ya pili msimamizi ana ruhusa ya kuleta madhara makubwa zaidi. Wasimamizi wengi wanaichukulia kuwa huruma ya kumpa mtu dadu nyingine, ilhali ni mtego wa heshima ambao mchezaji huingia kwa miguu yake. Mkutubi ameshindwa kupata kitabu cha kumbukumbu za meli? Muulize, "Uko tayari kujificha humu maktaba ifungwe ukiwa ndani?" Akikubali, mwambie kabla hajarusha: "Ukishindwa sasa, utasikia mtu mwingine akigeuza kurasa upande wa pili wa rafu." Acha ashike dadu mkononi akifikiria. Sekunde hizo, ndugu yangu, ndizo hali ya hofu uliyokuwa ukiitafuta kwa mishumaa, kwa hiyo kwa maoni yangu kuthubutu ndiko hutangulia.

Michezo mingine imelipeleka wazo hili mbali zaidi, na si dhambi kuazima. Katika Dungeon World ya mwaka 2012, ukirusha dadu mbili ukapata jumla ya 6 au pungufu baada ya nyongeza zako, mambo yanaharibika, lakini unajiandikia pointi moja ya uzoefu, ile inayomkuza mhusika. Katika Blades in the Dark ya mwaka 2017, msimamizi hutaja kabla ya kurusha kama mhusika yuko katika hali ya kuidhibiti, ya hatari au ya kukata tamaa, na anayetenda akiwa katika hali ya kukata tamaa hupata alama ya uzoefu hata akifanikiwa. Ukilipa tahadhari utapata tahadhari. Kwa sasa meza yako inailipa, kwa sababu aliyerudi hotelini hajapoteza kitu chochote.

Hapo ndipo ningegusa kwanza. Wakirudi hotelini, mji uendelee bila wao. Asubuhi ghala liwe tupu na mvulana aliyewaelekeza huko asionekane tena. Usiwakaripie wala usiwahutubie. Waeleze tu walichokikuta.

Mnara_54 alijibu:

Kama wako tayari kupumzika na 1926 kwa jioni moja, wachezeshe Dread, mchezo mwingine wa kutisha wa kuigiza wahusika. Hauna dadu. Katikati ya meza unasimamisha mnara wa Jenga, ule mchezo wa vipande 54 vya mbao ambao Leslie Scott, aliyekulia Afrika Mashariki, aliuzindua London mwaka 1983. Kila mhusika anapojaribu jambo la hatari, mchezaji huchomoa kipande na kukiweka juu. Mnara ukianguka mikononi mwake, mhusika wake anatoka mchezoni, kwa kifo au kwa njia nyingine yoyote inayomwondoa.

Unaruhusiwa kukataa kuchomoa, na ukikataa unashindwa jambo lile tu, hufi. Unaruhusiwa pia kuuangusha mnara kwa makusudi: mhusika wako anaondoka, lakini unakuwa umefanikiwa katika tendo la mwisho ulilolichagua. Nimeona mtu ambaye kawaida hahatarishi hata shilingi ya mhusika wake akiusukuma mnara kwa kiganja ili wenzake wavuke daraja, na hakuna aliyecheka. Kuhusu mzaha, watu hawatanii wakati vidole vya mwenzao viko kwenye kipande cha chini kabisa.

Wahusika wa Dread hutengenezwa kwa maswali badala ya namba, na hili unaweza kulihamishia kwako moja kwa moja. Usimuulize mchungaji "Una imani?" Muulize, "Ni mazishi gani uliyoyaongoza huku ukijua kwamba unadanganya, na ni nani kati ya waombolezaji aliyeligundua?"

Kimya_Mezani alijibu:

Mimi sijawahi kusimamia, ni mchezaji, na naomba niseme kwa niaba ya wale wanaotupa mzaha.

Mzaha huo mara nyingi ni haya. Mtu mzima anaombwa aigize hofu au kilio mbele ya marafiki atakaokutana nao kazini keshokutwa, na hajui kama wenzake watamfuata au watamcheka. Kuwahi kucheka ni kujikinga. Kilichonisaidia mimi ni msimamizi wetu kutamka kwamba si lazima kuigiza kwa sauti. Ninaweza kusema, "Daktari anasimama mlangoni, mkono wake unatetemeka, lakini anamwambia mwandishi kwamba ni baridi tu." Sijatetemeka mimi, ametetemeka daktari, na kila mtu amemwona. Baada ya muda nilianza kusema maneno yake mwenyewe bila kuambiwa.

Kuhusu mchungaji, kaka Mlinzi, tafadhali usilete lile swali la mazishi mbele ya watu kabla hujazungumza na mchezaji wake pembeni. Imani si jambo dogo kwetu. Huenda aliandika sentensi ile kwa ushujaa wa usiku mmoja, akafika mezani akamkuta mwenzake ni mwimbaji wa kwaya, akaamua kunyamaza. Au huenda anasubiri kwa hamu mtu amuulize. Huwezi kujua kwa kumtazama. Vivyo hivyo, wapo watu ambao hawataki majini yatajwe usiku hata kwa mchezo, na hawatakwambia. Watatania tu mpaka ubadilishe mada. Sisi huweka mezani kadi yenye alama ya X: anayeigusa anaondoa kilichosemwa, na haulizwi sababu. Imeguswa mara chache mno, lakini kuwepo kwake ndiko kulikofanya nikubali mhusika wangu awe mtu aliyemtelekeza mama yake. Nisingethubutu kama nisingejua kwamba naweza kusimamisha.

Mzee wa Dadu, alama za uzoefu ni nzuri, lakini sidhani kwamba zinanunua jambo la aina hii. Zitanifanya niingie ghalani. Hazitanifanya niseme siri ya mhusika wangu.

Mzee_wa_Dadu alijibu:

Dada Kimya, hapo umenizidi. Ghala ni suala la kanuni, siri ni suala la watu waliopo mezani, na mimi nilijibu la ghala tu.

Mlinzi_wa_Mlango alijibu:

Ninawashukuru wote. Nimeshazungumza na mchezaji wa mchungaji kwa simu. Alikuwa akisubiri kuulizwa, ila ameomba anayemuuliza awe mhusika wa mwenzake, asiwe mimi, na daktari amekubali kuibeba kazi hiyo. Kikao kijacho kitaanza na ndoto, kadi ya X itakuwepo, na ghala watalikuta tupu. Mnara tumeupangia mwezi ujao.

Nimebaki na swali moja la kanuni. Wakivamiwa ghafla na mchezaji akashindwa jaribio la kupigana, anaweza kuomba kurudia kwa masharti yaleyale?

Mzee_wa_Dadu alijibu:

Hapana. Majaribio ya mapigano hayarudiwi kwa njia hiyo, wala yale ya akili timamu, yanayopima kama mhusika amestahimili jambo la kutisha. Kwa hiyo uzito wa hatari uuweke kabla ya mapigano kuanza, wakati bado wanachagua, na uwaoneshe mapema kwamba kuna njia ya kukimbia. Kitabu hicho kina sura nzima ya kukimbizana. Isome kabla ya kikao, kwa sababu wapelelezi wenye pointi 10 za uhai wataihitaji.