Vikundi darasani: mmoja anaandika, wengine wanamtazama

mwl_chaki:
Walimu wenzangu habari za kazi, naombeni msaada. Nafundisha bayolojia, darasa lina wanafunzi 54, na kila nikiwagawa sita sita mambo ni yaleyale, yule mkali wao anashika kalamu anaandika kila kitu, wawili wanamtazama, mmoja anachora magari nyuma ya daftari, waliobaki stori za mpira. Kuwasilisha anakuja yuleyule aliyeandika. Jana nimewapa swali kwa nini jani la mmea uliokaa gizani linageuka njano, dakika 20 nzima, nikamuuliza mmoja wa pembeni mmefikia wapi, akanijibu "bado anaandika". ANAANDIKA! yaani hata "tunaandika" hakusema. Mnafanyaje wenzangu au nirudi tu kuhutubia ubaoni?

tichamzee:
Pole ticha, wote tumepita hapo. Sita ni wengi mno, weka wanne. Kuna Mfaransa mmoja, Max Ringelmann, zamani hizo alipima watu wakivuta kamba, akakuta kadiri wanavyoongezeka ndivyo kila mmoja anavyovuta kidogo, sasa kalamu moja watu sita unategemea nini? Mimi kila kikundi nawapa namba 1 mpaka 4, wakishajadiliana ndo nataja namba, mfano "namba 3 wote simama", na hakuna anayejua mapema itatajwa ipi. Hapo yule mkali mwenyewe ataanza kuwafundisha wenzake maana anajua anaweza asiulizwe yeye. Ila usimtanie anayekwama, siku ukimtania mmoja tu hiyo mbinu imekufa.

bi_hesabu:
Naongezea, usianze na kikundi kabisa. Kwanza kimya, kila mtu aandike chake dakika mbili, ndo wageukiane wawili wawili, ndo darasa zima. Hii inaitwa tafakari, jozi, shirikisha, ni ya Mmarekani mmoja wa mambo ya elimu, Frank Lyman, 1981, na mimi bado sijaona inayoizidi. Wale wa polepole wanapata cha kusema kabla mwenye mdomo hajawahi. Na sisi walimu tunyamaze pia jamani, mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe alirekodi madarasa akakuta mwalimu akiuliza anasubiri kama sekunde moja tu basi kasharudia swali au kamrukia mwingine, ukijikaza hata sekunde tatu majibu yanarefuka. Jaribu kuhesabu moyoni, utaona tatu ni nyingi kiasi gani 😅

mbishi_wa_stafu:
Mie sitalaumu wanafunzi wala idadi. Swali lako lina jibu moja, limo kwenye kitabu, watajadili nini sasa? Mwenye jibu anaandika, wengine wanasubiri, hata mimi ningechora gari. Wape cha kubishania. Waambie watu wawili wamegombana, mmoja anasema jani limekuwa njano kwa kukosa maji, mwingine anasema kwa kukosa mwanga, mtapimaje nani mkweli? Hapo lazima mtu aseme maji tuweke sawa kwa mimea yote, mwingine abishe, mwingine aulize siku ngapi. Klorofili, ile rangi ya kijani ya jani, utawaeleza baadaye wakishakuwa na hamu nayo. Ile ya kugawana vipande vya somo, kila mmoja anasoma chake anawafundisha wenzake, jigso ya mwanasaikolojia Aronson, nzuri ila mwenye kipande asipokuja shule siku hiyo mmekwama, hivyo kipande kimoja nawapa wawili.

mwl_chaki:
Nimerudi. Nimepanga wanne wanne, wawili wakabaki nikawaongeza kwenye vikundi viwili, nikaanza na kimya halafu swali la mbishi. Nikataja namba 2, si ikamwangukia yule mchora magari! Akageuka kuwaangalia wenzake, sekunde tatu nilizihesabu kweli bi_hesabu nikafika mpaka saba, akasema "mmoja tunauweka kabatini lakini tunaumwagilia". Nusu ya darasa ikapinga eti ukikaa kabatini utakosa na hewa, na walikuwa na hoja, ikabidi tutafute boksi lenye matundu. Lakini kelele jamani, mwalimu wa darasa la jirani kagonga ukuta mara mbili. Hizo mnazizimaje?

tichamzee:
Nanyanyua mkono nakaa kimya, anayeniona ananyanyua na wake. Wiki ya kwanza utasimama hivyo mpaka bega liume.