Makro ya malipo ya korosho inagoma kilo zikizidi 15

KaraniNewala:
Wakuu, naomba msaada. Mimi ni karani wa chama cha msingi huku Newala. Nimeunda makro (programu fupi ndani ya Excel) ya kuandaa orodha ya malipo: inaniuliza kilo, inaniuliza bei, inazidisha. Jana ofisi imejaa wakulima ikanitolea *Run-time error '6': Overflow*. Mama wa kilo 15 alipita, aliyemfuata ana kilo 16, ikakataa. Bei 2,100. Nilihangaika na kikokotoo cha simu hadi magharibi, roho juu, maana ukikosea hapo umekosea jasho la mtu la msimu mzima.

```
Dim kilo As Integer, bei As Integer
Dim malipo As Long
kilo = InputBox("Kilo?")
bei = InputBox("Bei?")
malipo = kilo * bei
```

Malipo nimeyaweka Long, ile aina ya namba kubwa, mbona bado?

Fundi_Makro:
Mkuu, Integer, yaani aina ya namba nzima ndogo, mwisho wake ni 32,767. 15 × 2,100 ni 31,500, inaenea. 16 ni 33,600, imemwagika. Long yako haisaidii kwa sababu kuzidisha kunafanyika kwanza, Integer kwa Integer, na jibu linafia hapo kabla halijafika kwenye malipo.

BintiHesabu:
Usikimbilie Long kila mahali. Nayo inaishia 2,147,483,647, na jumla ya chama chenye tani 1,050 kwa bei hiyo inaipita. Ila kinachonitisha zaidi ni nusu kilo. Integer haina desimali: ukiandika 14.5 inahifadhi 14, kimya kimya, bila kosa lolote kuonekana! Kilo weka Double (inabeba desimali), bei na malipo weka Currency (aina ya fedha).

Fundi_Makro:
Kweli kabisa dada, hilo sikuliona. Na badala ya InputBox ya kawaida (kile kisanduku cha kuuliza) tumia hii, inakataa herufi:

```
Dim jibu As Variant
jibu = Application.InputBox("Kilo?", Type:=1)
If VarType(jibu) = vbBoolean Then Exit Sub
kilo = jibu
```

Huo mstari wa tatu usiuache. Ukibonyeza Cancel inarudisha False, na bila kuizuia mkulima anaandikiwa kilo 0. Bei nayo iulize vivyo hivyo.

KaraniNewala:
Imekubali. 16 imetoa 33,600, na 340 imetoa 714,000. Dada, nimerudia stakabadhi za mzani moja moja: wawili wana 14.5 na orodha inasoma 14. Nimewarudishia 1,050 kila mmoja kabla orodha haijaenda benki. Asanteni sana.