Wanzuki wa sukari na hamira: upigwe marufuku au uachwe?

Wakuu, huku Tabora kuna ubishi haujaisha, wapo wanaotaka wenye vilabu wakatazwe kutia sukari na hamira ya dukani kwenye wanzuki, yaani pombe ya asali, eti iwe asali na maji basi. Mimi marufuku naipinga, ila mteja aambiwe anakunywa nini.

Asali ina sukari kibao lakini haina naitrojeni, yaani chakula cha hamira, ya kutosha hamira izaliane vizuri, kwahiyo ukiiacha na maji tu pombe inasota kwenye ndoo, ikizubaa bakteria wanawahi inakuwa siki. Ndo maana watu wanatia pumba au kimea, na kangara, ile pombe ya asali na pumba, bila pumba utaipikaje? Wengine wanatia majani ya chai, ule ukakasi unakata utamu. Wachaga mbege yao, pombe ya ndizi, ina gome chungu la mti wa msesewe, Wahabeshi wanatia majani machungu ya gesho kwenye pombe yao ya tej, nayo ni ya asali vilevile. Hata Bavaria kule Ujerumani 1516 walivyotunga sheria kwamba bia ni shayiri, hopsi (maua ya kutia uchungu) na maji, hamira hawakuitaja, na bila hamira hakuna bia hapo.

Kinachoniudhi ni bei bana. Sukari kileo inaleta, tena fasta, lakini pombe inakuwa nyepesi, ukishameza tu imeshapotea mdomoni, ile harufu ya maua ya miombo huioni, halafu unachajiwa bei ya asali!

Wa Sikonge: Mleta mada sisi warina asali umeturuka. Kila mfuko wa sukari unaoingia klabuni ni dumu langu la asali linabaki nyumbani. Na huyo mteja anaambiwa na nani, kopo lina lebo? Marufuku tu.

Wa Kasulu: Sasa ukipiga marufuku si watatia usiku. Huku juisi ya ndizi tunakoroga na unga wa mtama na hakuna anayetusimanga. Tofautisheni kiungo na sumu jamani, anayechanganya spiriti ya kiwandani yenye methanoli, ile inapofusha macho na kuua, huyo ndo akamatwe. Sukari ya chai imemuua nani kilabuni?

Wa Sikonge: Nani kasema imeua? Nasema wananiibia jina, basi waite kitu kingine.

Mleta mada: Hapo kwenye jina tuko pamoja ndugu yangu. Mama muuza ana ndoo mbili, achukue chaki, hii ASALI hii SUKARI, kila moja na bei yake, mwenye hela ndogo anywe ya sukari kwa amani. Mbona kwenye maharage wanaweka kibao cha bei na aina na hakuna anayelalamika.

Wa Sikonge: Maharage unayaona kwa macho. Hiyo chaki si anaandika muuzaji mwenyewe? Wewe unaishi Tabora ipi?