Nusu mwezi kwenye malisho Longido: tupimeje kama nyasi zinarudi kweli?

Malisho_Longido
Wakuu, kamati yetu imechimba makinga maji ya nusu mwezi (mashimo yenye umbo hilo, ya kunasa maji ya mvua) kwenye alalili, yaani malisho ya akiba ya Wamaasai, iliyochakaa. Ndani ya mashimo nyasi zimesimama, ila wazee wanasema ni mvua tu. Tunapimaje bila vifaa vya gharama? Na ng'ombe waingie lini?

UdongoKwanza
Wazee wana hoja, wasikilizeni. Tengeni eneo la kulinganisha: udongo uleule, mteremko uleule, nalo lisilishwe, ila lisiwe na mashimo. Bila hilo hamtajua nyasi zimeletwa na mashimo, mvua au kule kupumzisha malisho.

Kisha chukueni futi kamba ya mita 50 na spoki ya baiskeli. Kila nusu mita shusha spoki wima bila kuchagua inapoangukia, uandike inachogusa: nyasi ya kudumu, ya msimu, gugu, majani makavu, jiwe, udongo mtupu. Hizo ni pointi 100, kwa hiyo hesabu yenyewe ndiyo asilimia. Mistari isipungue mitatu kila eneo. Acheni vigingi, mwakani mpime palepale, mwezi uleule.

Wengi hukosea kwa kupima ndani ya mashimo tu. Mstari ukatize mashimo na nafasi zilizo kati yake. Pimeni pia mapengo kati ya mashina ya nyasi za kudumu; yanayozidi mita 1 yakiwa mengi, maji na upepo bado vinabeba udongo, hata kama kwa mbali panaonekana kijani.

Mbegu_Kavu
Naongezea: kijani cha nyasi za msimu hakivuki kiangazi. Tafuteni nyasi za kudumu kama Cenchrus ciliaris, Eragrostis superba na Enteropogon macrostachyus. Kama hazipo, vunjeni ukoko wa udongo kabla ya mvua, mwage mbegu kilo 5 hivi kwa hekta, mfukie kidogo sana, isizidi sentimita 1. Zikizikwa chini zaidi hazichomozi. Na mbegu ya Cenchrus au Enteropogon iliyovunwa juzi huwa imelala. Ikae ghalani miezi kadhaa kwanza.

UdongoKwanza
Kuhusu ng'ombe: subirini nyasi za kudumu zidondoshe mbegu. Halafu shika kishungi, vuta kama ng'ombe anavyovuta. Kikitoka na mizizi, bado. Wakiingia, watoke nyasi zikiwa zimebaki nusu. Kagueni kingo za mashimo kila baada ya mvua kubwa: ncha moja ikiwa chini kuliko nyingine, maji yote hupitia hapo na kuchimba korongo.

Malisho_Longido
Je, kipimamvua ni lazima?

UdongoKwanza
Ndiyo, kimoja kinatosha kama maeneo yote mawili yako jirani. Kisomwe kila asubuhi saa moja, mbali na miti.